Dakika Thelathini na Tano za Lifti

Kila asubuhi nilipoingia hospitalini, Winchi alikuwa amesimama palepale, kwenye nguzo ya karibu na lifti, mkono wa kushoto kauinua, vidole vya kulia vimeshika kile kidude cha kuzungushia mishale ya saa.

"Mama Dakika, saa ngapi?"

Namwambia, tuseme, moja kasoro dakika nane, naye anaisogeza saa yake mbele, maana kila siku ilichelewa. Juu ya kichwa chake kulikuwa na saa ya ukutani, kubwa, ya hospitali. Hakuwahi kuinua macho kuitazama. "Ile inaendeshwa na betri," alikuwa akisema. "Wewe unaendeshwa na Mungu." Mimi nacheka, napanda zangu ofisini, na siku inaanza.

Nataka nimweleze mtu huyu kabla sijaeleza nilichomfanyia. Kazi yake ilikuwa kubeba wagonjwa: kuwasukuma kwenye kiti cha magurudumu, kuwahamisha kitanda, kuwashusha eksirei na kuwarudisha wodini. Miaka ishirini na miwili. Mfupi, mpana, mabega kama mlango. Jina la Winchi alipewa mwaka wake wa pili, alipomshusha mgongoni mfanyabiashara mmoja mnene siku umeme ulipokatika jengo zima, na yule tajiri njia nzima akimwambia polepole, kijana, nina presha. Ana mke na mabinti watatu. Wawili wameolewa, kitinda mimba bado yuko shule.

Lifti ikifa, Winchi ndiye lifti. Wodi ya wazee iko ghorofa ya tatu, na kutoka pale hadi chini kuna vidato sitini na sita. Alivijua kama mtu anavyowajua wanawe. Mgonjwa akiogopa, alimwambia, "Bibi, tuhesabu wote. Ukikosea hesabu tunarudi juu kuanza upya." Bibi anaanza kuhesabu, anasahau kuogopa, na wakifika sitini na sita Winchi anamwambia umefaulu mtihani.

Sasa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimamia wakandarasi: wa usafi, wa ulinzi, wa jenereta, na wa lifti. Mkataba wa lifti ulikuwa na kurasa arobaini na mbili, lakini kurasa arobaini na moja ni maneno ya mawakili. Wenye uhai ni ule mmoja wa viwango vya huduma: lifti ikiharibika, fundi afike ndani ya saa moja, na ndani ya saa nne iwe inatembea. Kila hitilafu naifungulia tiketi kwenye kompyuta, ikitengenezwa naifunga, kompyuta inahesabu muda. Mwisho wa mwezi inatoa alama. Tisini na tano kwenda juu ni kijani. Chini ya hapo ni nyekundu, na nyekundu miezi mitatu mfululizo, mkataba unavunjwa.

Mwaka wa kwanza nilikuwa simba. Fundi anakuja kachelewa dakika kumi, ananiambia, "Foleni, mama." Namwambia, "Nionyeshe foleni iko ukurasa wa ngapi." Walinichukia, na mimi nikanenepa kwa chuki yao. Winchi ndiye aliyenibatiza Mama Dakika, na aliniambia kwa nini. "Ukiwabana wale, mama, unanibebea mimi. Kila saa unayookoa ni mgonjwa mmoja sikumpandisha mgongoni." Nilisikia raha siku hiyo. Nililirudia neno hilo nyumbani, mume wangu akasema basi na yeye ataanza kunifungulia tiketi nikichelewa kurudi.

Mwaka wa pili lifti ilianza kuzeeka vibaya. Leo mlango, kesho kamba, keshokutwa bodi ya umeme ambayo lazima iagizwe. Mwezi mmoja nyekundu. Wa pili nyekundu. Mkurugenzi akaniita. "Mama, mbona huyu mkandarasi wako ananiletea wekundu?" Wako! Utadhani nilimzaa mimi. Akaniambia wazi kwamba mwezi wa tatu ukiwa mwekundu itabidi mkataba uvunjwe, zabuni itangazwe upya, tukae miezi minane bila fundi yeyote, na kwamba watu wataanza kujiuliza msimamizi alikuwa wapi.

Meneja wa ile kampuni ya lifti tulimwita Sukari, kwa ulimi wake. Akaja ofisini kwangu mwezi huo wa tatu, tiketi iko wazi, saa tatu na dakika arobaini zimeshapita, fundi yuko juu anahangaika. Akaketi, akakunja mikono. "Dada yangu, fundi ninaye, kifaa ninacho, zimebaki dakika chache tu. Ifunge hii. Nusu saa baadaye fungua nyingine, useme ni hitilafu mpya. Lifti haijui kusoma."

Nilicheka. Nikaifunga. Mwezi ukatoka kijani, na Mkurugenzi akanipigia simu mwenyewe kunipongeza.

Nisikilizeni vizuri hapa: sikula hata soda ya mtu. Mara nyingine natamani ningekula. Mla rushwa ana kitu cha kurudisha. Mimi niliuza kazi yangu kwa rangi. Baada ya siku ile Sukari hakuniomba tena, wala hakuhitaji. Saa nne zikikaribia mkono wangu wenyewe ulikwenda: funga, subiri kidogo, fungua. Fundi alikuwa akitia saini zote kwa mkupuo mwisho wa mwezi, hasomi. Nikaletewa na cheti, "Usimamizi Bora wa Mikataba", nikakitundika ukutani juu ya meza kwenye fremu ya dhahabu ya bandia. Winchi alikuja kukitazama, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akasema sasa na yeye kidogo amepewa cheti.

Na jambo moja alilisema siku hiyo, nikajitia hamnazo. Alisema, "Ila ajabu, mama, cheti kimekuja mwaka ambao magoti yangu yamelia kuliko miaka yote."

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Lifti ilikwama saa moja na dakika kumi asubuhi. Nikafungua tiketi, fundi akaja kwa wakati, akafungua kile kisanduku cha juu, akaanza kutukana kimyakimya. Saa nne zilikuwa ziishe saa tano na dakika kumi. Saa tano na dakika tano nikaifunga: "Imetengenezwa, inafanya kazi." Nikanywa chai. Saa tano na dakika arobaini nikafungua nyingine: "Hitilafu mpya." Kwa hiyo kwenye karatasi, kwa dakika thelathini na tano, lifti ilikuwa inapanda na kushuka vizuri kabisa.

Saa tano na dakika ishirini Winchi alikuwa kwenye ngazi na bibi wa kitanda cha sita, anamshusha eksirei. Mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, basi upande wa miguu kiti kilishikwa na mtoto wa yule bibi, mwanamume mtu mzima mwenye viatu vya ofisi. Kwenye kona ya kuingia ghorofa ya kwanza kiatu kikateleza, mtoto akaachia. Winchi hakuachia. Alijizungusha akaingia chini ya kiti, na vidato vile vikampiga yeye mgongoni, kimoja kimoja, mpaka chini. Bibi alivunjika kifundo cha mkono. Winchi kiuno.

Nilisikia kishindo nikiwa ofisini. Nilitoka mbio kama wengine wote, nikamwona amelala chali, uso umekuwa wa jivu, bado kaushika mguu wa kiti. "Bibi yuko salama?" Ndilo aliloniuliza. Nami kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, ni ile tiketi. Nilisimama pale mtu anaugua, nami napiga hesabu ya dakika.

Mtoto wa bibi aliandika malalamiko. Ana haki, mama yake amevunjika. Aliuliza swali moja tu: kwa nini tulipelekwa kwenye ngazi? Kamati ya nidhamu ikaitisha rekodi ya lifti, na rekodi ikasema saa tano na dakika ishirini lifti ilikuwa nzima. Basi kosa likapata mwenyewe: mbebaji amempitisha mgonjwa kwenye ngazi bila kuhakikisha lifti. Adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa kazi.

Mtu atauliza, hakukuwa na shahidi? Hilo nililitafakari sana wiki tatu zile kabla ya kamati kukaa, na sitaki kusema nilikuwa nataka awepo au asiwepo. Sista wa wodi alisema lifti ilikuwa mbovu tangu asubuhi, lakini saa ile alikuwa na wagonjwa, hakwenda kuitazama. Mtoto wa bibi alisema Winchi alitoka kwenda kuiangalia, akarudi akasema mbovu, yeye mwenyewe hakuiona. Fundi alisema kama ameweka saini imetengenezwa, basi ilitengenezwa. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alisema alichokijua, na karatasi yangu ikajaza pengo lililobaki.

Niliitwa kwenye kamati kuleta rekodi. Watu watano nyuma ya meza ndefu, jagi la maji, feni inalia. Winchi alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, amevaa shati lake la kuendea harusi za watu. Saa yake mkononi. Katibu wa hospitali akaniuliza, "Mama, rekodi yako inasemaje kuhusu saa tano na dakika ishirini?"

Nikasoma. "Inasema lifti ilikuwa inafanya kazi."

Mnaona? Sikudanganya. Rekodi ilisema hivyo kweli. Nilijishika kwenye uzi huo mwembamba, nikakaa.

Katibu akamgeukia Winchi. "Una la kusema?"

Winchi alinitazama. Nilidhani atanishtaki, na wallahi nilitamani anishtaki. Alikunja paji la uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo. Kisha akasema, "Mimi nilikumbuka nilibonyeza kitufe. Lakini kama ni kitabu cha Mama Dakika, basi mimi ndiye nimekosea. Yule mama hakosei saa. Nadhani siku ile sikubonyeza, nilizoea tu kuwa ni mbovu. Nisameheni."

Palikuwa na nafasi ya kusema, kimya cha kama nusu dakika hivi, Katibu anaandika, feni inalia. Mimi ninayejua thamani ya nusu dakika kuliko mtu yeyote katika jengo lile nikaiacha ikaenda. Kamati ikaamua ataachishwa kazi mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo amwandikie bibi barua ya kuomba radhi, iwekwe kwenye faili lake. Barua ikiwa nzuri, Katibu alisema, huenda wakafikiria upya.

Jumamosi mume wangu alikuwa anapiga pasi. Nikamweleza yote, tangu Sukari mpaka kamati. Alimaliza kola kwanza.

"Sasa umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Haya. Basi mimi sijauliza."

Nikamfokea. Nikamwambia hajui kazi za ofisi, miaka yote ameendesha lori, lori halina kamati. Akaining'iniza sketi yangu ya kazini mlangoni, imenyooka vizuri, akatoka nje. Nilikaa nikiitazama ile sketi hadi nikaichukia.

Jumatatu saa nne asubuhi mlango wangu ukagongwa kwa fimbo. Winchi. Alichukua muda mrefu kuketi, huku ameng'ata mdomo, halafu akacheka ili mimi nisione aibu.

"Mama Dakika, nimekuja kuomba msaada. Hii barua ya bibi. Mwandiko wangu unajua mwenyewe, utadhani kuku kapita. Wewe una kompyuta na una maneno. Ikiwa nzuri labda wataniacha mpaka huyu mdogo amalize mitihani. Baada ya hapo wanitupe, sina neno."

Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa! Nikafungua ukurasa mpya, nikaweka vidole tayari. Roho ilikuwa inanisuta mpaka masikio yakawa ya moto, na bado vidole vilikuwa tayari.

"Andika," akasema, akifumba macho. "Bibi yangu mpendwa. Mimi ni yule aliyekuangusha tulipofika arobaini na moja."

Nikaandika.

"Naomba radhi, kwa sababu siku ile nilikuwa mvivu. Lifti ilikuwa nzima na mimi sikubonyeza kitufe."

Nikaandika mpaka "mvivu". Nikalitazama hilo neno kwenye kioo cha kompyuta. Winchi mvivu. Mtu aliyebaki ameshika mguu wa kiti hadi chini. Na ni mimi ninayempigia chapa.

"Mama? Nimekwenda haraka?"

"Ulibonyeza," nikasema.

"Eti?"

"Lifti ilikuwa imekufa, Winchi. Haikutengenezwa hadi saa nane mchana. Ile tiketi niliifunga mimi ili alama zisishuke, nikafungua nyingine. Nimekuwa nikifanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Hukukosea. Ni mimi."

Hakupiga kelele. Ningelipa chochote apige kelele. Aliutazama mkono wake wa kulia, akakunja kidole gumba, akakikunjua.

"Nilibonyeza mara tatu," akasema polepole. "Nikaweka na sikio mlangoni. Nikasikia fundi anatukana juu." Akaegemea fimbo. "Unajua nimemwambia mke wangu akili yangu imeanza kuchakaa? Wiki tatu hizi, tangu niandikiwe kosa, mke wangu ndiye anazima jiko, hanikabidhi. Nimempa hata ufunguo wa nyumba, nimemwambia shika wewe, mimi sijiamini tena."

Nikaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Pale kwenye kamati, uliposoma. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipoomba radhi?"

"Nilikuwa najua."

Akaanza kuinuka. Nilizunguka meza nimsaidie, akanyoosha kiganja, nisimguse. Alisimama mwenyewe, kwa awamu tatu, jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu. Aliondoka bila kuufunga mlango, nikaisikia ile fimbo kwenye korido yote hadi kwenye ngazi, kisha kidato kimoja kimoja, maana siku hiyo pia lifti ilikuwa mbovu.

Maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini niliinama kuyazoa hivyohivyo. Nilifuta barua ya Winchi nikaandika ya kwangu. Nilichapisha tiketi zote nilizofunga lifti ikiwa bado haijatengenezwa. Zilikuwa mia moja na kumi na tatu. Nikaandika saa ya kweli kando ya kila moja, kwa kalamu, nikampelekea Katibu kabla ya chakula cha mchana, mkononi, nisije nikapata muda wa kuwa na akili. Alama za kweli za mwaka ule zilikuwa sabini na nane. Mkurugenzi hakunipigia simu safari hii. Sukari alipiga, na ulimi wake haukuwa na sukari. "Dada, mimi nilikuomba mara moja tu." Na ni kweli. Mia moja na kumi na mbili ni za kwangu.

Winchi alirudishiwa kazi. Kubeba hawezi tena. Amewekewa stuli kando ya lifti, anaelekeza watu. Kamati ilimwandikia bibi barua yenyewe. Mimi nilihamishiwa stoo ya mashuka, nahesabu yanayotoka na yanayorudi, na cheti kiliondolewa ukutani, pamebaki msumari. Nilikwenda nyumbani kwa Winchi pamoja na mume wangu kuomba radhi. Mkewe alitukaribisha, akatupa viti, hakukaa nasi. Winchi alisema, "Yameisha, mama." Mnajua linavyosemwa neno hilo watu wakitaka mgeni aende.

Lakini ni muungwana. Salamu hajaninyima hata siku moja. Kila asubuhi nikiingia, ananyanyua mkono wa kushoto pale kwenye stuli.

"Mama Dakika, saa ngapi?"

Namwambia, moja kasoro dakika nane. Ananishukuru. Kisha anajishika kwenye nguzo, anageuka mwili mzima kwa sababu kiuno hakigeuki peke yake, uso umemkunjamana kwa maumivu, anaitazama saa ya ukutani. Akishaiona, ndipo anairekebisha yake.